Haikuwa Breki

Katika milima ya Kilungu nilikokulia, gari likianguka, kosa lilikuwa la breki. Breki zilikufa, breki zilikataa, breki zilikatika. Hata punda akipindua mkokoteni wa machungwa hakukosekana mtu wa kusema breki, na mkokoteni wa punda hauna breki. Nimelelewa na watu wasiopenda kumtaja aliyekosa, hasa akiwa mtu wao, na kwa muda mrefu nami nilikuwa mmoja wao. Tena mimi nilidanganya vizuri kuliko wengi, kwa sababu niliulizwa na askari mwenye kalamu mkononi, nikajibu bila kupepesa jicho.

Nilikuwa fundi wa nguo sokoni, kwenye baraza ya duka la nafaka. Nilikuwa nimerudi kwetu kutoka kwa mume, na mwanamke aliyerudi kwao wakati ule alikuwa kama kiti kilichovunjika mguu: hakitupwi, lakini hakuna anayekikalia. Nilichokuwa nacho ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu na redio ya betri iliyokaa juu ya meza yangu kutwa nzima. Mdogo wangu ndiye aliyeninunulia cherehani hiyo kwa mshahara wake wa kwanza. Nalitaja hili mapema ili nisije nikaambiwa nimelificha.

Mdogo wangu alikuwa kitinda mimba wa mama, na alikuwa dereva wa basi. Basi lake liliondoka sokoni asubuhi, likashuka hadi barabara ya Mombasa, likaenda Makindu, na alasiri likarudi kupanda mlima. Siku hizo dereva wa basi alikuwa mkubwa kuliko chifu. Chifu ulimwendea ukiwa na shida tu, lakini dereva ulimhitaji kila wiki. Kwa hiyo watu walimfurahisha. Ukitaka kiti cha mbele, ulimnunulia chupa moja ya pombe. Ukitaka akusubiri ukichelewa, ulimtumia kibuyu cha kaluvu, pombe yetu ya miwa. Akina mama wa kanisani, ambao hawakugusa pombe na waliimba kwa sauti ya juu dhidi yake, walimpa hela ya "soda" na hawakuuliza soda hiyo ilikuwa ya rangi gani. Mimi mwenyewe nilishampelekea kibuyu, nikakikabidhi kwa mikono miwili, kwa sababu tuliona hiyo ndiyo heshima. Tulimlewesha wenyewe, kisha tukapanda gari lake.

Siku hiyo nilikwenda Makindu kununua vitambaa na vifungo. Nilikuwa na jirani yangu, mwanamke wa rika langu, aliyekwenda kuuza maparachichi. Alikuwa amevaa gauni nililomshonea mimi, la maua ya bluu, na njia nzima alinitania kwamba kola imekaa upande. Saa sita tuliingia kwa Masingasinga, pale hekaluni kwao ambako msafiri yeyote hulishwa bila kuulizwa dini wala kabila, tukala chapati na dengu na kunywa chai ya maziwa. Nilimwita mdogo wangu aje ale. Alisimama ng'ambo ya barabara nje ya baa, chupa mkononi, akacheka na kuniambia kwamba chai ya Singasinga haipandi mlima.

Alasiri tulipanda. Kwenye kona ya tatu, ile yenye mibuni pande zote, alitaka kubadilisha gia akaikosa. Akaitafuta tena, akaikosa tena, na basi likaanza kurudi nyuma. Nilikuwa kiti cha pili nyuma yake, nikaona mguu wake. Mguu ulikuwa unakanyaga sakafu, pembeni kabisa mwa breki, kwa nguvu zote, na yeye alikuwa anacheka kidogo kama mtu aliyepotewa na kiatu gizani. Basi lilirudi nyuma likatoka barabarani na kulala ubavu kwenye matuta ya shamba la watu. Mimi nilivunjika mkono. Jirani yangu hakufika hospitalini.

Askari alipokuja kitandani kwangu, mama alikuwa amesimama miguuni pangu. Mama yangu alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye maneno machache. Aliingiza mkono chini ya blanketi akanishika kidole gumba cha mguu, akakibana. Askari akaniuliza niliona nini.

"Breki zilikataa," nikasema.

Akaandika. Abiria wengine nao wakasema hivyo hivyo, wengine kwa sababu walikuwa nyuma hawakuona, wengine kwa sababu ni watu wetu. Mdogo wangu alipumzishwa wiki chache, akapewa pole nyingi na kuku wawili, kisha akarudishiwa usukani. Jirani yangu alizikwa na lile gauni nililomshonea. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo.

Lakini breki zikikataa, lazima awepo mtu aliyezifunga. Basi lile lilikuwa na makanika wake, Mkamba wa Kitui, kutoka Nuu kule kwenye ukame na ng'ombe. Alikuwa mtu mpole aliyepanga chumba nyuma ya soko na kufua ovaroli yake kila Jumapili baada ya kanisa. Alifukuzwa kazi. Mume wa marehemu alimvamia sokoni mchana kweupe akampiga makofi, na watu wakatazama. Watoto walimzomea wakimwita muuaji. Nilikuwa pale kwenye baraza, mkono wangu ukiwa bado na plasta, na nilitazama pamoja na wengine.

Siku aliyoondoka alipita kwangu kuchukua ovaroli aliyoniachia nishone mfuko. Nilikuwa sijaishona kwa sababu ya mkono. Hakulalamika. Alisimama tu, akakunjakunja kofia yake, akaniuliza kitu kimoja.

"Dada, wewe ulikuwa ndani. Ulisikia breki ikikufa?"

Nilijifanya natafuta sindano. Akaniambia kwamba zile breki alizifunga yeye mwenyewe asubuhi ile, na kwamba hata Mungu akimwamsha katikati ya usingizi atamwambia hivyo hivyo. Kisha akaenda zake Nuu, na ovaroli yake ikabaki kwangu, imening'inia kwenye msumari juu ya redio.

Mkono wangu ulipona nikaanza kushona tena, na kila nilipoinua macho niliiona ile ovaroli. Kila alasiri basi lilirudi, na mdogo wangu alipita mbele ya baraza yangu akiwa na macho mekundu, akinipigia honi kwa furaha. Alikuwa bado anakunywa na watu walikuwa bado wanamnunulia. Nilimwambia aache, akaniahidi. Nikamwambia tena, akaniahidi tena. Nilimwendea mchungaji, akasema tumwombee dereva wetu. Nilimjibu kwamba maombi hayashiki usukani, na tangu siku hiyo nikahesabiwa miongoni mwa wanawake wenye mdomo. Sawa. Mdomo nilikuwa nao, ila nilikuwa nimeutumia mara moja tu kwa jambo kubwa, na mara hiyo niliutumia kwa uwongo.

Hapo ndipo nilipofikiria kadi za salamu. Wanaokumbuka watanielewa, wasiokumbuka niwaeleze. Redio ilikuwa na kipindi cha salamu alasiri. Ulinunua kadi, ukaandika wewe ni nani na uko wapi, ukaorodhesha watu unaowasalimu, na mwisho ukaweka ujumbe. Mtangazaji alisoma kadi moja baada ya nyingine, na nchi nzima ilisikiliza. Watu walijuana kwa salamu bila kuonana; walichumbiana humo, walisutana humo, walipeana pole humo. Mimi nilikuwa mtuma salamu wa siku nyingi na nilijulikana hadi pwani. Ujumbe wangu ulikuwa kama wa wengine wote: haraka haraka haina baraka, akiba haiozi, mambo ya namna hiyo, yasiyomuumiza mtu.

Nilinunua kadi. Nikaandika kwamba mimi ni fundi wa nguo wa soko letu la milimani. Nikawasalimu abiria wote wa basi lililoanguka kwenye kona ya mibuni, na mume wa marehemu, na makanika aliye Nuu. Majina niliyaandika yote kwenye kadi ile. Hapa siyaandiki, walio hai wanajijua. Penye ujumbe niliandika maneno mawili: Haikuwa breki.

Sitasema sikuogopa. Niliitia kadi kwenye sanduku la posta na mkono wangu ukataka kuifuata humo ndani kuirudisha.

Ilisomwa siku ya soko. Redio zilikuwa zimefunguliwa kila duka, kila kinyozi, hata kwa mama muuza uji. Mtangazaji alisoma majina kwa mbio kama kawaida yao, akafika kwenye ujumbe, akausoma, akasema kwa furaha kwamba hiyo ni methali mpya kutoka Ukambani, akaweka wimbo. Sokoni hakuna aliyedhani ni methali. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu. Niliendelea kukanyaga cherehani, ingawa uzi ulikuwa umekatika zamani na sikuwa ninashona chochote.

Mdogo wangu alikuja baada ya kuegesha basi. Hakupiga kelele. Alikuwa amejeruhiwa moyoni, na nilimwonea uchungu, kwa sababu mtoto huyo nilimbeba mgongoni mimi.

"Umeniua mbele ya watu, sister," akasema. "Hata hiyo cherehani unakanyaga ni mimi nilikununulia."

"Ibebe," nikamwambia.

Aliitazama, akaizunguka, akaishika gurudumu. Kisha akaiacha akaenda. Nyumbani mama hakunisemesha. Alinitengea chakula, akakiweka chini mbali na mimi, nikakifuata na kukila chote, kwa sababu sikuwa na la kuona haya zaidi ya lile nililokuwa nimeona haya kwa miezi yote hiyo.

Nilikwenda pia kituoni kubadilisha maneno yangu. Askari aliniambia faili ilishafungwa, na kwamba mwanamke anayegeuza maneno anaweza kufungwa yeye. Nilimwambia afungue faili anifunge. Akanifukuza. Faili yao ikabaki imefungwa, lakini redio haikuwa na faili.

Kadi za kunijibu zilianza kusomwa wiki zilizofuata. Mwenzangu mmoja wa salamu, dereva wa lori, alinisalimu na kuniambia chui hamli mtoto wake. Mwingine alisema dada anayemwanika ndugu yake hana asili. Lakini mwanamke mmoja wa Taita, nisiyemjua, alituma ujumbe kwamba na kwao pia haikuwa breki. Kisha mwingine wa Mwingi. Kisha mzee wa reli wa Kibwezi akasema hivyo hivyo. Maneno yangu mawili yalianza kuzunguka yenyewe, na mtangazaji alipoyaona mara ya nne hakuyaita methali tena. Kutoka Nuu hakukuja kitu.

Mdogo wangu hakuacha pombe. Alikunywa zaidi, kwa hasira, na watu waliendelea kumnunulia kwa kumhurumia. Hapo nikajua kwamba kusema yaliyopita hakutoshi. Nikanunua kadi ya pili.

Sisi Wakamba, mkubwa akikutana na mdogo wake humwambia "wakwata." Mdogo hana jibu jingine ila "aa," na haitamkwi kwa kubana meno. Inatoka kifuani, mdomo wazi, ndefu kidogo, na ukiikata fupi unaambiwa umekosa adabu. Asiyeijibu kabisa amemtukana mkubwa wake. Hakuna dereva wetu, hata awe na kiburi namna gani, aliyethubutu kukataa kumwitikia bibi wa kijiji. Kadi yangu ya pili iliwasalimu kina nyanya wote wa milimani wanaosafiri kwa basi, na ujumbe ulikuwa: Kabla ya kupanda, msalimie dereva karibu. Asipoitikia, usipande.

Kina nyanya walielewa upesi kuliko wote. Walikuwa wamezika watoto. Kuanzia juma lile walijipanga kwenye mlango wa dereva, wafupi, na vikapu vyao, wakimwambia mmoja mmoja "wakwata," huku wameinua nyuso zao hadi karibu na kidevu chake. Mdogo wangu aliitikia akitazama juu. Aliitikia akiwa na peremende mdomoni. Aliitikia akivuta pumzi ndani, jambo ambalo halijawahi kufanywa na Mkamba yeyote, na nyanya mmoja akamrudishia salamu ile mara tatu mpaka akalazimika kuitoa nje. Siku hiyo alinukia peremende tu, wakapanda. Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua siku haijafika.

Ilifika asubuhi moja ya Jumatatu. Jana yake kulikuwa na sherehe ya mahari kijiji cha pili, na yeye ndiye aliyewapeleka wakwe, kwa hiyo walimpa kata baada ya kata, wakijivunia dereva wao. Nilipomwona anakuja kwenye basi nilijua kwa mwendo wake. Nyanya walikuwa wachache siku hiyo. Niliacha cherehani nikavuka barabara, nikasimama kati yake na mlango. Abiria walikuwa wameshakaa ndani, na mama yetu alikuwa kiti cha mbele, anakwenda hospitali kuonyesha macho.

Mimi ni mkubwa wake kwa miaka sita. Nilikuwa na haki yote.

"Wakwata," nikamwambia.

Alinitazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na taya likicheza. Nilisubiri. Injini ilikuwa haijawashwa, kwa hiyo kila mtu alisikia kwamba hakuna kilichosikika. Nikamwambia tena, taratibu, "Wakwata." Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta. Angeweza kunisukuma, alikuwa na nguvu hizo. Angeweza hata kunitukana, lakini kutukana nako kunahitaji kufungua mdomo.

Mama ndiye aliyeshuka wa kwanza. Alishuka kwa kupapasa, kwa sababu ya macho, akapita kati yetu bila kumgusa yeyote, akasimama barabarani na kikapu chake. Kisha wakashuka wengine wote. Walibeba maparachichi, ndizi na kuku wao, wakaanza kuteremka mlima kwa miguu hadi barabara ya Mombasa, na mimi nikamshika mama mkono tukateremka nao. Tulipopita kona ya mibuni, mama aliniuliza kama ni hapo. Nikasema ni hapo. Alinibana kidole, safari hii cha mkono, na akakishikilia hadi chini.

Mdogo wangu alifukuzwa kazi. Kwa miaka mingi hakunisemesha. Akiniona njiani alikata kupitia mashamba ya watu. Nililaumiwa kwenye mazishi na kwenye harusi. Shangazi mmoja aliniambia usoni kwamba nimemnyang'anya ndugu yangu mkate. Nilimjibu kwamba ndugu yangu yuko hai na anaweza kulima, na jirani yangu hawezi. Sikuomba radhi kwa hilo, na leo pia siombi. Radhi niliyokuwa nayo niliipeleka kwingine: niliishona ile ovaroli mfuko, nikaipiga pasi, nikapanda magari mawili hadi Nuu, nikamkabidhi mwenyewe. Alikuwa anatengeneza pampu ya kisima cha wafugaji. Aliipokea, akaingiza mkono mfukoni kuujaribu, akasema umekaza vizuri. Nilimwambia nilidanganya. Akaniambia alisikia kwenye redio, na kwamba siku ile alizima redio akaenda kulala mchana, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Hakuniambia amenisamehe, na sikumwuliza.

Mama alikufa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Wiki chache baada ya kumzika, nikiwa kwenye baraza ile ile, mdogo wangu alikuja akasimama mbele ya cherehani. Alikuwa amekonda, mikono imejaa udongo wa shamba. Nikaelewa kwamba ananingoja mimi mkubwa nianze.

"Wakwata," nikasema.

Aliinama juu ya meza mpaka uso wake ukakaribia wangu, akafungua mdomo.

"Aaa."

Aliitoa ndefu kupita adabu, mpaka mwisho wa pumzi, machoni akinitazama kwa ukaidi ambao naujua kwa sababu ni wetu sote wawili. Ilinuka ndengu na vitunguu. Kisha akakaa kwenye benchi la wateja akaniomba nimwandikie kadi ya salamu. Alitaka kumsalimu makanika wa Nuu, na mume wa jirani yangu, na abiria wale.

Nilifungua droo nikamtolea kadi na kalamu.

"Andika mwenyewe," nikamwambia. "Yangu nilishaandika."

Aliinamia kadi ile kwa muda mrefu, akiandika kwa mkono mzito wa mtu aliyezoea usukani na jembe. Alipomaliza aliifunika kwa kiganja, akaipeleka posta mwenyewe, na mimi sikuiona. Niliisikia kama walivyoisikia watu wote, alasiri ya siku ya soko, mguu wangu ukiwa juu ya kanyagio la cherehani. Mtangazaji alisoma majina, akafika penye ujumbe.

"Ilikuwa mimi," akasoma. Akasoma tena, akidhani kuna maneno mengine yaliyofutika.